Taa Isiyowaka: Shajara ya Mkonga wa 1997

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser HZJ75 la mwaka 1997, aina ambayo hapa Arusha tunaiita Mkonga kwa ajili ya lile bomba la hewa linalopanda ubavuni hadi usawa wa paa. Injini ni 1HZ, dizeli, silinda 6 za mstari mmoja, lita 4.2, haina tabo. Tulilinunua mimi na dada yangu. Yeye anashika daftari la hesabu, mimi nashika usukani. Linafanya kazi njia moja tu: Mto wa Mbu, Engaruka, Engare Sero, na kurudi. Tunapeleka wageni wanaopanda Ol Doinyo Lengai na wanaokwenda kuwaona heroe wa Ziwa Natron. Siku ambazo hakuna mgeni tunabeba watu wa huko na mizigo yao, na mara mbili mwaka huu tumebeba mgonjwa usiku.

Kwa ajili ya safari hizo za usiku ndiyo maana nimeamua kuandika kila kitu, hatua kwa hatua. Gari hili likizimika katikati ya Engaruka na Engare Sero, hakuna gereji ya kukimbilia.

Jumanne. Mita: kilomita 412,380

Taa mbili zimewaka kwa pamoja tukiwa tumeipita Engaruka kama nusu saa. Moja ni ile nyekundu ya breki, nyingine ni ya filta ya dizeli, ile yenye mchoro wa filta na matone. Hazikuwaka kwa nguvu. Zilikuwa hafifu kama kaa la moto lililofunikwa majivu, na gari lilipotetemeka kwenye mawimbi ya barabara zikawa zinapepesa.

Nimesimama kivulini nikaanza na breki, maana hiyo haisubiri. Mafuta ya breki yako kwenye alama ya juu. Pedali ni ngumu, haizami. Hendibreki nimeipandisha na kuishusha mara tano, taa haibadiliki. Kwenye gari la dizeli kama hili taa ya breki ina sababu ya tatu: swichi ya vakyumu, yaani mvuto wa hewa. Injini ya dizeli haivuti vakyumu yenyewe kama ya petroli, ina pampu yake ya kuilisha busta ya breki, inayoongezea mguu nguvu, na vakyumu ikipungua taa inawaka. Nimezima injini nikakanyaga pedali mara kadhaa mpaka ikawa ngumu, kisha nikawasha huku mguu uko juu yake. Pedali ilizama kidogo, kama inavyotakiwa. Busta inapata vakyumu.

Nikahamia kwenye filta. Chini yake kuna kikoki cha kutolea maji. Nimekata chupa ya maji katikati, nikaikinga chini, nikalegeza kikoki na kubonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Kwanza yakaja maji, kama vijiko vitatu, yenye rangi ya chai ya rangi. Halafu dizeli safi. Ndani ya chupa mpaka wake ulionekana wazi kabisa: maji chini, dizeli juu, na katikati mstari mwembamba wa uchafu mweusi. Nilifurahi, nikajua nimempata mchawi.

Nikafunga kikoki, nikawasha. Taa zote mbili bado zinawaka.

Jumatano, Engare Sero

Asubuhi stata imezunguka kwa shida, kama mtu anayeamshwa na homa. Mara ya tatu injini ikashika. Nimeilaumu betri, ina miaka mitatu sasa. Nimeandika hapa "nunua betri" na kuendelea na wageni.

Taa zimezimika zenyewe kwa saa nzima, zikarudi tulipokuwa tunashuka kuelekea ziwani.

Ijumaa, Arusha

Nimelipeleka gereji ya kwanza. Fundi aliangalia taa mbili zile kwa dakika moja akatoa hukumu mbili: filta imekufa na sensa yake, na pampu ya vakyumu inatakiwa kufunguliwa. Filta ilikuwa imefikia muda wake, kwa hiyo hiyo nilikubali, shilingi 35,000. Pampu ya vakyumu alitaka 380,000 na siku mbili. Nikamwambia nitarudi.

Sijakataa kwa sababu ya pesa peke yake. Pedali ilikuwa imeniambia jambo lingine kule Engaruka, na sikupenda kufungua kitu kinachofanya kazi.

Filta mpya imefungwa, sensa ya zamani imehamishiwa kwake. Nimewasha. Taa zile zile.

Jumamosi, nyumbani

Leo nimefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya Jumanne, na ndilo lililogeuza kazi yote.

Sensa ya maji chini ya filta ni kitu rahisi. Ndani kuna boya. Maji yakijaa, boya linapanda, swichi inafunga, waya unapata ethi (upande hasi wa betri, kupitia bodi ya gari), taa inawaka. Maana yake ni kwamba taa ya filta inakaa ikisubiri ethi tu. Umeme chanya inao muda wote ufunguo ukiwa umefunguliwa. Basi ukichomoa waya wa sensa, njia ya ethi imekatika, na taa lazima izime hata kama filta imejaa maji mpaka juu.

Nimewasha injini, taa zikawaka, nikachomoa waya wa sensa.

Taa ya filta haikuzima.

Nikauangalia ule waya ulioning'inia mkononi mwangu kwa muda mrefu. Nimehakikisha haugusi chuma popote. Nikaufuata kwa vidole hadi unapoingia kwenye ukuta wa injini, nikitafuta mahali ulipochubuka. Uko mzima, umefungwa tepu ya zamani iliyonata vumbi, lakini mzima. Kisha nikafanya hivyo hivyo kwa breki. Nimechomoa waya wa chupa ya mafuta ya breki. Nimechomoa swichi ya vakyumu. Nimechomoa swichi ya hendibreki chini ya mkono wake. Swichi zote tatu ziko nje. Taa ya breki bado inawaka.

Kwa hiyo taa mbili, zenye swichi nne kwa jumla, na swichi zote nne zimechomolewa, na bado taa zinapata ethi. Zinaipata wapi? Na kwa nini zote mbili kwa pamoja, dakika ile ile, kwa mwanga ule ule hafifu? Nimeandika maswali hayo mawili kwenye karatasi na kuibandika kwenye usukani. Jumatatu naenda kwa fundi umeme, si fundi injini.

Jumatatu, Unga Limited, Arusha

Nimeelekezwa kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari anayefanya kazi chini ya mwembe nyuma ya maduka ya spea. Ana meza, multimita, pasi ya risasi, na kopo la balbu kuukuu zilizopangwa kwa ukubwa. Nimemsalimu, "Shikamoo mzee," akaitika, akanikaribisha kwenye kigoda kabla hajaliangalia gari. Nikamweleza kuanzia Engaruka. Hakunikatiza. Nilipomaliza habari ya swichi nne, akatabasamu.

"Mwanangu, umefanya kazi nzuri. Sasa zima injini. Fungua ufunguo tu, usiwashe. Kisha unitajie taa zinazowaka."

Nikataja. Oili, breki, filta ya dizeli, hita ya kupasha injini kabla ya kuwaka.

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha, mzee."

"Ya betri iko wapi?"

Nikaangalia. Mahali pa taa ya chaji palikuwa peusi. Nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nimeiona ikiwaka, nikashindwa. Nimefungua ufunguo wa gari hili mara zisizohesabika, na kila mara macho yangu yamekwenda kwenye taa zinazowaka, kuona kama zitazima. Sikuwahi kutafuta ile isiyowaka.

Akaniuliza na mshale wa volti. Nikamwambia umelala chini tangu siku tuliyolinunua, tukadhani ni kawaida ya gari kuukuu. Akatikisa kichwa polepole. Hakunisema.

Kisha akachora kwa kijiti mchangani, na mchoro wake nimeunakili hapa kwa maneno, maana ndio ufunguo wa kazi nzima.

Altaneta, mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, ina waya mdogo unaoitwa L, unaokwenda kwenye taa ya chaji. Injini ikiwa haijawaka, altaneta haizungushwi, na waya L unakuwa ethi. Taa ya chaji inawaka. Injini ikiwaka na altaneta ikaanza kuchaji, waya L unapanda volti mpaka kulingana na betri. Pande zote mbili za balbu zinakuwa na nguvu sawa, kama madumu mawili yaliyounganishwa kwa mpira na maji yako usawa mmoja. Hakuna kinachopita. Taa inazima.

Sasa Toyota wakataka dereva ajue kila asubuhi kwamba balbu za breki na filta ni nzima, hata kama hendibreki imeshushwa na filta haina maji. Wakaziunganisha nazo kwenye waya ule ule wa L kwa kupitia diodi. Diodi inaruhusu umeme upande mmoja tu, kama vali ya tairi la baiskeli inavyoruhusu upepo uingie na kuuzuia kutoka. Hivyo ukifungua ufunguo, zote zinawaka kwa pamoja kupitia L. Altaneta ikichaji, zote zinazima, na kila moja inabaki ikisubiri swichi yake.

"Na altaneta isipochaji?" akaniuliza.

Nikamjibu polepole kwa sababu nilikuwa naliona likijipanga: L inabaki ethi. Taa zote zinabaki zinawaka kana kwamba injini haijawashwa. Na kwenye gari langu taa ya chaji balbu yake imekufa, ndiyo maana niliziona zile mbili peke yake. Breki haina tatizo. Filta haina tatizo. Taa zile zilikuwa zinasema habari ya altaneta, na yule aliyepaswa kuisema hakuwa na sauti.

Mzee akachukua multimita. Betri, injini imezimwa: volti 12.1. Injini inazunguka: 11.9. Nikaongeza moto kidogo: 11.9, haipandi. Betri nzima iliyojaa ingesoma kama 12.6 gari likiwa limezimwa, na altaneta inayofanya kazi ingeipandisha hadi karibu 14. Ile stata iliyochoka Engare Sero haikuwa ugonjwa wa betri. Betri ilikuwa inafanya kazi ya watu wawili.

Na swali lililonijia, kwamba gari liliwezaje kutembea siku nzima bila chaji, nalo likajibika hapo hapo. 1HZ ikishashika haina plagi za kuwasha moto wala kompyuta. Pampu yake ya nozeli ni ya kimakanika. Umeme inaouhitaji ni ule mdogo wa solenoidi inayofungua njia ya dizeli. Mchana, bila taa kubwa, betri moja inaweza kulisha hilo kwa saa nyingi. Usiku, na taa kubwa zimewaka, mambo ni mengine: taa zinafifia, na mwisho solenoidi inaachia na injini inazima. Nilifikiria yule mama mjamzito tuliyempeleka Mto wa Mbu mwezi uliopita, saa nane usiku, na nikanyamaza kidogo.

Mzee akachukua mpini wa nyundo, upande wa mti, akaigonga altaneta mgongoni mara mbili taratibu huku injini inanguruma. Multimita ikaruka: 13.8. Taa mbili zikazima. Akasubiri. Baada ya nusu dakika zikarudi.

"Kaboni," akasema.

Jumanne, bado Unga Limited

Kabla ya kugusa chochote ametoa waya hasi wa betri. Waya mnene wa altaneta umeunganishwa na betri moja kwa moja, na sipana ikigusa bodi wakati waya hasi bado umefungwa, utaona moto.

Mikanda miwili imelegezwa na kutolewa, altaneta ikashushwa. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia: vumbi la njia ya Natron limeingia kila tundu, laini kama unga wa sembe, na mahali palipowahi kupata unyevu limeganda kuwa ukoko mweupe. Kule vumbi lina magadi, na magadi hayaipendi shaba. Kwenye ncha ya waya L kulikuwa na kutu ya kijani.

Amefungua kifuniko cha nyuma na kunionyesha kishikio cha kaboni. Ni vipande viwili vidogo vya mkaa, kila kimoja ukubwa wa punje ya njugu iliyochongwa pembe nne, vinasukumwa na springi ili viguse pete mbili za shaba za rota, sehemu inayozunguka ndani. Umeme wa kuamsha altaneta unapita hapo. Kaboni mpya inachomoza kama milimita 10. Yangu moja ilichomoza 2, na nyingine niliitafuta kwa kucha nikakuta imezama ndani ya kishikio chake, usawa na plastiki. Ilikuwa inaigusa pete pale tu gari lilipotikisika vizuri. Ndiyo maana taa zilipepesa kwenye mawimbi ya barabara, na ndiyo maana zilizima zenyewe saa nzima kisha zikarudi. Nimeiweka kaboni hiyo kwenye kiganja na kuipiga picha kwa ajili ya dada.

Rota imepimwa kati ya pete na pete: omu 2.9. Nzima. Kati ya pete na shafti: hakuna kitu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Pete zina mfereji mdogo uliochimbwa na kaboni, lakini hazijaisha. Mzee amezisugua kwa msasa laini huku mimi nazungusha rota kwa mkono, mpaka rangi ya shaba ikarudi. Beringi ya nyuma ilikuwa inakwaruza. Tumebadilisha zote mbili, maana kuishusha altaneta mara ya pili kwa sababu ya beringi ni kupoteza siku.

Kaboni mpya zimechomelewa kwa risasi. Kaboni 8,000, beringi 30,000, kazi 25,000.

Jumatano

Dashibodi leo. Kava la mbele limetoka kwa skrubu chache, kebo ya spidi ikachomolewa nyuma, konekta zikaachia, na mita zote zikaja mkononi kama sinia.

Balbu ya chaji: kishikio chake kinazungushwa robo mzunguko na kuchomoka. Kioo kilikuwa cheusi kwa ndani, na uzi umekatika na kujikunja pembeni. Balbu mpya shilingi 1,000. Nimeiandika bei hiyo kwa herufi kubwa kwenye daftari la dada.

Mshale wa volti: nati moja nyuma yake ilikuwa imelegea na kupata kutu. Tumesafisha, tumekaza. Umeamka.

Halafu mzee akaita jina langu kwa sauti ya chini. Kidole chake kilikuwa kwenye tundu moja la balbu, lililo wazi. Hapakuwa na balbu iliyokufa. Hapakuwa na balbu kabisa. Nikageuza mita kuangalia mbele ni taa gani: T-BELT.

Taa hiyo si kama nyingine. Haipimi mkanda wenyewe. Inahesabu kilomita, na kila zikitimia 100,000 inawaka kumwambia mwenye gari abadilishe mkanda wa taiming. Haizimi mpaka hesabu ianzishwe upya. Yupo mtu, miaka fulani iliyopita, aliyechoka kuiona ikiwaka na akaona njia rahisi ni kuitoa balbu. Simjui na sitamtafuta. Lakini nilihisi mikono inakuwa baridi. Mkanda ule ndio unaozungusha kemshafti, shafti inayofungua na kufunga vali. Ukikatika injini ikiwa kwenye mwendo, vali zinakutana na pistoni, na hapo hakuna tena habari ya balbu ya shilingi 1,000.

Tumeweka balbu. Tumeunganisha konekta kwa muda, ufunguo ukafunguliwa, injini ikawashwa.

Chaji: imezima. Breki: imezima. Filta: imezima. Multimita kwenye betri: 14.2.

T-BELT: inawaka, nyekundu, haipepesi.

Dada amepiga simu jioni kuuliza kama naweza kuchukua wageni wa Ijumaa. Nimemwambia hapana, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kaka, liache mpaka liwe zima. Wageni nitaongea nao mimi."

Alhamisi

Mkanda wa 1HZ ni mfupi, unakaa juu mbele ya injini, na kifuniko chake kinafikika bila kushusha rejeta. Pampu ya nozeli inaendeshwa kwa gia, kwa hiyo mkanda una kazi ya kemshafti tu. Fundi injini rafiki wa mzee ameifanya kazi na mimi nimeshika tochi.

Wa zamani ulipotoka niliukunja kinyume, mgongo kwa ndani. Nyufa zilijitokeza kwenye mashina ya meno, nyembamba kama nyuzi, karibu kila jino. Upande mmoja ulikuwa umeng'aa kama kiatu kilichopigwa dawa. Meno mawili yalianza kuinuka.

Tumelinganisha alama kwenye puli ya kemshafti na puli ya chini, tenshena mpya ya kukazia mkanda na springi yake, mkanda mpya. Kisha fundi amezungusha injini kwa mkono, kwa sipana ndefu kwenye bolti ya puli kubwa, mizunguko miwili kamili, akaangalia alama tena kabla hajarudisha kifuniko. Zimerudi pale pale. Mzee ameianzisha hesabu upya nyuma ya mita, na tumeandika kwa kalamu ya rangi kwenye kifuniko cha mkanda: 412,655.

Ijumaa

Kipimo kimoja zaidi, ambacho mzee hakukubali niondoke bila kukiona. Injini inazunguka, taa kubwa zimewaka. Ncha moja ya multimita kwenye teminali kubwa ya altaneta, nyingine kwenye teminali chanya ya betri. Imesoma 0.6. Maana yake zaidi ya nusu volti inapotelea njiani kati ya altaneta na betri. Tumefuata waya, tukakuta kiungo chenye kutu nyeupe karibu na betri. Kimesuguliwa, kimekazwa, kimepakwa grisi. Sasa inasoma 0.1. Tumefanya hivyo hivyo upande wa ethi, kati ya bodi ya altaneta na teminali hasi, na hapo palikuwa pazuri.

Nimemlipa mzee. Nilitaka kumpa zaidi, akakataa, akaomba nimletee magadi ya Natron nikirudi. Mkewe anayapikia makande.

Jumanne, Engare Sero. Mita: 412,902

Tumefika jana jioni, sehemu ya mwisho usiku kwa makusudi, taa kubwa zimewaka muda wote. Mshale wa volti ulikaa juu kidogo ya katikati na haukushuka hata kwenye ile sehemu ya mawimbi ambako yote yalianzia.

Leo saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla wageni hawajateremka mlimani, nimekaa kwenye kiti na kupima betri: 12.6. Nimefungua ufunguo bila kuwasha na kuhesabu kwa sauti, kidole kwenye kioo. Oili. Chaji. Breki. Filta. Hita. T-BELT. Sita.

Hita ilizima kwanza. Nikawasha, injini ikashika mzunguko wa kwanza. Oili, chaji, filta, T-BELT, zote zikaondoka kwa pamoja. Ikabaki breki. Nikashusha hendibreki, nayo ikazima.

Magadi ya mzee yako nyuma ya kiti, kilo 2, yamefungwa kwenye gazeti.